Kopo Lililoachwa na Mgeni

Mpendwa dada yangu mdogo Sidi,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Uarabuni, na kwamba matajiri wako wamekupa japo nusu saa ya kupumzisha miguu. Kama unaisoma umesimama jikoni kwao, tafuta kwanza pa kukaa. Ni habari ya lile kopo. Najua tulilizungumza tukalimaliza, na wewe ndiye uliyesema lisitajwe tena. Nisamehe kwa kulitaja. Halikwisha.

Ningeweza kukupigia simu. Tangu tumzike Mama nimekupigia mara nne nikiwa na nia hiyo, na mara zote nne nimeishia kukuuliza kama huko kuna joto. Mtu mzima, mwenye ndevu, anauliza kama jangwani kuna joto. Ndipo nikaona niandike, tena niandike wazi, yeyote wa kwetu Adu aisome akipenda, kwa sababu uongo wenyewe nao ulisemwa mbele za watu, ukasemwa mpaka kaburini.

Unakumbuka kamba ya mbuzi? Tuliifungua kwenye mti, mbuzi akaenda kula mihogo ya jirani, nasi tukaenda kupimia uwanja wa shule. Nilikuwa nimesikia kwamba uwanja wa kweli una mita mia nne kuuzunguka, basi tukapiga kamba kwa hatua, tukahesabu, tukagombana, tukaweka mawe kwenye kona. Nilishika simu yangu yenye kioo kilichopasuka nikahesabu sekunde. Ulizunguka mara mbili bila viatu, ukaja ukaanguka miguuni pangu, ukaniuliza, "Ngapi, kaka?" Nikakutajia. Hatukujua kama ni nyingi au chache. Tulifurahi tu.

Mama alikuja kutuchapa kwa ajili ya mbuzi, akakukuta umelala chini unahema. Akasahau fimbo. Akasema, "Huyu anamkimbia nani, na maji ya kuteka yanamngoja nyumbani?" Toka siku hiyo, kila jioni alikuwa anakuwekea uji wa mtama kwenye kopo la mafuta ya kupikia aliloliosha, lenye kifuniko, ili usiingie mchanga. Hakuna kopo lililowahi kutupwa katika nyumba ile. La maziwa lilitiwa chumvi, la rangi lilitekewa maji, na yale yenye vifuniko vya kukaza yalitiwa mbegu, zisiliwe na fukusi. Mwenyewe unajua.

Halafu ukaitwa kambi ya wakimbiaji, huko bara kwenye baridi. Simu yako ya kwanza ilikuwa ya kucheka. "Kaka Kahindi, huku maji ya kunywa yanauma meno!" Ya pili haikuwa ya kucheka. Ulisema kila msichana ana kopo la unga wa kuongeza nguvu chini ya kitanda, wengine mawili matatu, na vidonge vya chuma, vya mifupa, vya usingizi, vya kuamka. Ulisema yupo mmoja, bingwa kabisa, anayemeza vidonge saba kabla ya chai, na hakuna anayemwuliza kwa sababu yeye ndiye anayeshinda.

"Wakitoka uwanjani wote wanakoroga," ulisema. "Mimi nikoroge nini?"

"Koroga uji."

"Uji hauna kopo lenye jina, kaka. Wananitazama kama nimekuja kutalii."

Ulinieleza pia, lazima niwe mkweli, kwamba daktari wa kambi aliwaambia wazi kuwa wengi wenu hamhitaji vitu vile, chakula chatosha. Anayetaka kutumia amwonyeshe kwanza, na asitupe kopo hata likiisha, kwa sababu unga wa namna hiyo huweza kuchanganyika na kitu kilichopigwa marufuku huko huko kiwandani, na mkojo ukipimwa hakuna atakayeulizwa ila mwenye mkojo. Ulinieleza yote hayo na mimi nikasikia neno moja tu, kwamba mdogo wangu hana kopo.

Sasa nikwambie jambo la kazi yangu ambalo sikuwahi kukueleza vizuri. Wewe ulijua kwamba mimi ni mhudumu wa vyumba vya hoteli Watamu, natandika vitanda. Kutandika ni kazi ndogo. Kazi hasa ni kufuta. Mgeni akitoka, mimi nina dakika chache za kuhakikisha kwamba anayeingia hajui kama kuna mtu aliwahi kulala pale. Unywele kwenye sinki, mchanga chini ya zulia, harufu ya marashi ndani ya kabati, vyote viondoke. Nilikuwa hodari. Msimamizi wetu alikuwa akiwaleta wafanyakazi wapya waangalie bafu nililosafisha mimi.

Na kuna desturi. Kitu kilichosahauliwa na mgeni kinaandikwa namba ya chumba na tarehe, kinakaa stoo miezi mitatu. Mwenyewe asipokidai, aliyekiokota anapewa, pamoja na karatasi ya kumwonyesha askari wa getini. Ukitoka na kitu bila karatasi hiyo umeiba, hata kikiwa kitana. Hakuna onyo la pili. Nimeona watu wa miaka kumi na zaidi wakiondolewa kwa ajili ya chupa ya shampuu.

Alikuja Mtaliano mmoja, mwili kama kabati, akakaa wiki mbili akinyanyua vyuma. Alipoondoka nilikuta kopo la unga juu ya friji, jeusi, kubwa, limepungua vijiko vichache tu. Nililishika nikakuona wewe. Miezi mitatu ya stoo ni mingi, na mashindano yako yalikuwa yamebakiza wiki sita. Nikalitia kwenye begi langu chini ya sare chafu. Askari wa getini aliniuliza habari za nyumbani, nikamjibu ni njema, nikapita. Sikujiona mwizi. Nilijiambia kwamba kopo ni langu, nimelichukua mapema tu.

Ulikuwa umepewa ruhusa ya siku chache, ukaja Adu. Nilipolitoa kopo, nikasema limeachwa na mgeni hotelini, ulilikumbatia kama mtoto. Nawe ukauliza jambo ambalo lingetuokoa sote, "Kaka, hapa pameandikwa nini?" Nami, na Kitaliano changu cha kuulizia wageni kama wanataka taulo, nikavaa sura ya profesa nikasoma. Maziwa. Kakao. Vitamini. Bila sukari. Chini palikuwa na maandishi madogo mengi, sikujua hata neno moja, na sikusema kwamba sijui. Ningeliwezaje, mbele ya Mama aliyekuwa akiniangalia vile?

"Nimwonyeshe daktari?" uliuliza.

"Atakunyang'anya ampe bingwa wenu," nilikujibu. Maneno haya uliyasahau, au umeamua kuyasahau. Mimi ninayo.

Kopo halikuenea kwenye begi lako. Ukajaza kichupa kimoja cha plastiki, na kopo lenyewe likabaki na zaidi ya nusu, ukalitia chini ya kitanda cha Mama. Ukamwambia mbele yangu, "Mama, hili usiliguse hata likikaa mwaka. Tumeambiwa tuyahifadhi." Akasema, "Nimesikia, mwanangu." Alisikia, Sidi. Alisikia vizuri sana, na ndiyo maana nakuandikia.

Ulishinda. Tulitazama kwenye simu ya shangazi, sote vichwa vimegusana, na Mama akataka kujua kwa nini hukuwasubiri wenzako. Tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Nafikiri ile ndiyo mara ya mwisho nyumba yetu kucheka pamoja.

Ulinipigia saa nne asubuhi, nikiwa katikati ya shuka. Hukulia. Ulisema, "Kaka, mkojo wangu umepatikana na kitu." Ukalitaja jina lake, jina refu, ukalitaja vibaya ukarudia. Kisha ukauliza, "Kopo lipo?"

"Lipo."

"Usimruhusu mtu aliguse. Wakili amesema hata kijiko kimoja cha ule unga kikipimwa kikaonekana nacho, basi itajulikana sikukusudia. Huenda nikakaa nje miezi tu. Bila kopo ni miaka minne."

"Sawa," nikasema.

"Na watataka kujua lilitoka wapi. Watawauliza hotelini."

Nilisema sawa tena. Nakumbuka nilimaliza kulitandika lile shuka, nikalikunja pembe zake inavyotakiwa. Kisha nikaomba ruhusa nikasema Mama mgonjwa, na hakuwa mgonjwa.

Nilifika Adu alasiri. Mama alikuwa shambani akipalilia. Nililitoa kopo chini ya kitanda chake, nikaumwaga unga wote chooni, nikamwaga na maji juu yake. Nikaliosha kopo kwa sabuni ya kipande, nikalisugua kwa mchanga, nikalisuuza, nikanusa, nikaliosha tena. Kwenye mzunguko wa kifuniko, mahali pa kukazia, unga ulikuwa umeganda. Nikautoa kwa kijiti. Nilikuwa hodari, nimekwambia. Nikalianika, na lilipokauka nikachukua mbegu za mahindi za Mama kwenye kopo lake la zamani nikazimimina humo.

Aliporudi alifurahi kuniona siku isiyo yangu. Akapika sima na mboga ya mchunga, nikala, nikashiba.

Asubuhi yake nilikupigia nikasema, "Sidi, Mama ameliosha. Ametia mbegu ndani." Kisha ukasema, "Nipe Mama."

Nilimpa simu. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni, nikamsikia akisema, "Sikumbuki kuliosha, mwanangu." Akaniangalia. Nikamwonyesha kopo lenye mbegu. Akalitazama muda, akatia mkono ndani, akazishika mbegu zake mwenyewe. Nami nikasema, "Mama, nani mwingine angefanya hivi?" Na kweli, nani? Maisha yake yote aliosha makopo. Akasema kwenye simu, pole pole, "Kahindi asema nimeliosha. Basi nimeliosha. Nisamehe, mwanangu, nazeeka."

Ulimwambia neno moja tu. "Mama, nilikwambia."

Uongo wangu usingesimama nyumba nyingine. Ulisimama kwetu kwa sababu Mama ni Mama, na nilikuwa najua hivyo nilipokuwa namimina zile mbegu.

Na wewe hukunitaja. Ulipoulizwa, ulisema ulipewa na mgeni usiyemjua ufukweni. Ulinilinda na kazi yangu huku hujui kwamba nilikwisha kujilinda mwenyewe. Jopo lililosikiliza kesi yako halikukuamini, na mimi pia nisingeamini hadithi kama ile. Wakakufungia miaka minne. Ulirudi nyumbani na begi moja, viatu vya misumari ukavitundika nyuma ya mlango, na siku ulipopata karatasi za kwenda Uarabuni ukavifungua kamba, ukampa Mama zile kamba afungie kuku. Hukumfokea hata siku moja. Nilikuwa naomba umfokee, ili nipate pa kuingilia niseme. Ulikuwa mpole tu, na Mama akawa anauchukua ule upole wako kama kipigo.

Nikwambie alivyokuwa baada ya wewe kuondoka, maana sikukwambia. Aliacha kuosha vyombo bila kuuliza. Nikija likizo ananiita, "Kahindi, njoo uangalie ndani ya hili, naweza kuliosha?" Ni sufuria la sima. Sufuria lake mwenyewe, la tangu hatujazaliwa. Nachungulia, namwambia, "Osha, Mama." Ndipo anaosha. Nisipokuwepo anamwita shangazi kutoka ng'ambo ya shamba aje achungulie. Watu wakaanza kusema akili inamtoka. Haikuwa ikimtoka. Mwanamke yule alikuwa ameacha kuiamini mikono yake, kwa sababu mimi nilimwambia imefanya jambo ambalo haikulifanya.

Kisha akaugua kweli. Ule ujumbe wa sauti ulioutuma ulifika mchana. "Kaka, mwambie Mama nimemsamehe. Mwambie lilikuwa kopo tu." Niliweka simu karibu na sikio lake. Akasikiliza. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akaomba tena. Mara ya tatu alitabasamu, machozi yakashukia masikioni kwa vile alikuwa amelala chali, akanishika mkono, akaniambia mimi, Sidi, akaniambia mimi, "Asante, mwanangu, kwa kuniletea."

Sentensi moja ingetosha. Nilikuwa nayo mdomoni. Nilijiambia nikisema sasa nitamvuruga, amepata amani, mwache. Nimefikiri sana tangu siku hiyo na najua haikuwa huruma. Niliogopa uso wake. Alikufa kesho yake, amesamehewa na mtu ambaye hakumkosea, na mletaji wa salamu nikiwa mimi.

Kwenye hanga, ule mkusanyiko wa kumlilia, watu wamejaa, shangazi akasimama akamsifu. Akasema marehemu alikuwa na kosa moja tu katika maisha yake, kosa la kopo, na hata hilo mwanawe alimsamehe kabla hajafa. Watu wakaitikia. Wanawake wakalia. Mzee wa kanisa akalirudia kaburini, kama mfano mzuri wa msamaha. Na mimi, mtoto wa kwanza, niliyeshika koleo, niliitikia pamoja nao.

Basi nasema hapa, kila mtu asikie. Mama hakuliosha kopo. Aliambiwa asiliguse na hakuligusa.

Nimekwenda Watamu nikawaeleza hotelini, nikaacha funguo na sare mezani. Wale waliokufungia nimewaandikia pia, nikaweka jina langu, la hoteli, na namba ya chumba, ninayoikumbuka mpaka leo. Wakili asema limebaki neno langu tu, na neno bila unga ni neno. Umebakiza mwaka mmoja na miezi, na umri wako naujua. Siwezi kukuahidi kitu.

Sikuombi msamaha. Ninakuomba uuchukue ule ulioutoa, kwa sababu ulitumwa kwa mtu ambaye hakuwa na haja nao, na badala yake umpe Mama kile alichostahili, ambacho sijui kinaitwaje. Ukirudi, nenda kaburini ukamwambie wewe. Mimi nimeshakwenda, nikasema kwa sauti, lakini nilichelewa, na sauti yangu aliizoea kwa mambo mengine.

Jambo moja la mwisho. Tulipogawana vitu vyake shangazi alinipa kifurushi cha leso, kimefungwa mafundo mawili. Ndani mlikuwa na lile kopo. Halikuwa na mbegu. Shangazi asema Mama alizitoa wiki ile ile ya simu, akafunga kifuniko, akaliviringisha, akaliweka sandukuni, na kwa miaka yote hii hakumruhusu mtu kulifungua. Alikuwa akisema labda ipo siku wataalamu watakuja, na wao wana macho ya mashine, huenda wakaona chembe iliyosalia kwenye mzunguko wa kifuniko, mwanawe akaachiliwa.

Nimelifungua, Sidi. Nimepitisha kidole kwenye mzunguko wote, mara mbili. Hamna kitu. Mpaka leo lanuka sabuni.

Ni mimi kaka yako, mwana wa Mama yule yule,
Kahindi